Mizani na Mashahidi: Historia ya Uhakiki katika Hesabu za Kujitolea

I. Utangulizi

Wazee husema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hutumiwa aghalabu kumsuta mwenye choyo, lakini yafaa isomwe pia kama kanuni ya elimu. Haisemi kwamba mwamba ngoma ni mwizi. Yasema kwamba mkono wa mtu, hata akiwa mwema, huelekea upande ule aliosimama mwenyewe. Na kwa hiyo kazi ya mtu haipimwi sawasawa kwa mkono ule ule ulioifanya.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kanuni hiyo katika jambo moja la siku hizi, yaani hesabu kubwa za kisayansi zinazogawanywa kwa maelfu ya watu wanaojitolea, kila mmoja akitoa muda wa kompyuta yake iliyo nyumbani. Wenye miradi hiyo walikutana na swali gumu: jawabu lililotoka kwa mtu usiyemwona wala kumjua, utaliaminije? Na ukimweka wa pili amhakiki wa kwanza, utajuaje kwamba huyo wa pili si yule yule aliyebadili jina? Nitaanza na Geita na Shinyanga, kwa kuwa swali hilo liliulizwa huko nusu karne mapema, penye mizani ya pamba, likajibiwa kwa njia inayofanana sana na ile iliyobuniwa baadaye na wataalamu wa kompyuta. Mwisho nitaigeukia lugha yetu, maana wakusanyaji wa Kiswahili nao sasa wanategemea kazi ya kujitolea, na kosa la uhakiki likiingia katika lugha halitambuliki upesi.

Kabla ya kuendelea, yapasa kutenganisha maneno mawili ambayo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni moja. Kuhakiki ni neno lenye asili moja na haki na hakika. Maana yake ni kutafuta kama jambo ni la kweli. Kuthibitisha latokana na thabiti. Maana yake ni kulifanya jambo lisimame imara, lisitikisike. Jambo laweza kuthibitishwa bila ya kuhakikiwa: mtu akalitia sahihi na muhuri, likasimama, hali hakuna aliyelichunguza. Hatari tutakayoiona katika kurasa hizi ni hiyo hasa, uthibitisho usiokuwa na uhakiki ndani yake.

II. Mizani ya pamba

Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka sana katika Usukuma. Mkulima alivuna, akabeba mzigo wake mpaka kituo cha kununulia, na hapo alimkuta mnunuzi, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanya biashara mwenye asili ya Asia au wakala wake. Mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa mwenye mizani, ndiye aliyesoma uzito, ndiye aliyeandika hesabu, na ndiye aliyelipa. Kazi nne zilikuwa katika mkono mmoja. Wakulima wengi hawakuweza kusoma alama za mizani, na hata aliyeweza hakuwa na mizani nyingine ya kulinganishia.

Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi, nayo ndiyo yaliyokuwa chanzo kimoja kikubwa cha vyama vya ushirika katika nchi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe penye vituo, ili mzigo upimwe na mtu asiyekuwa wa mnunuzi, hesabu mbili zilinganishwe. Harakati hizo ziliunganishwa na chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, ambacho kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia Uhuru wa mwaka 1961 shirikisho hilo lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba ya eneo hilo, nalo lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Waafrika barani.

Yafaa tuangalie ni kitu gani hasa kilichofanya mpimaji wa pili awe na faida. Mizani yake haikuwa bora kuliko ya mnunuzi, wala yeye hakuwa na elimu zaidi. Faida yake yote ilikuwa katika jambo moja: alisimama upande mwingine. Laiti angeajiriwa na mnunuzi, kuwepo kwake kusingeongeza chochote ila gharama ya mshahara.

Jambo hilo lilidhihirika baadaye kwa njia ya huzuni. Vyama vya ushirika vilipokwisha kuwa wanunuzi pekee, mpimaji aliyekuwa shahidi wa mkulima akageuka kuwa karani wa mnunuzi, maana mnunuzi sasa alikuwa chama chenyewe. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na miongoni mwa malalamiko yaliyosikika ni yale yale ya zamani: mizani isiyo ya haki, na fedha zisizofika kwa mkulima. Shirikisho la Victoria likawekwa chini ya usimamizi wa Serikali, kisha likapangwa upya. Basi somo la Usukuma lina sehemu mbili. Ya kwanza, mwenye kupima asijipime. Ya pili, ambayo husahauliwa, mhakiki wa leo aweza kuwa mwenye mali wa kesho, na siku hiyo yeye naye hana budi kuhakikiwa.

III. Hesabu zilizogawanywa

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1996 Mmarekani George Woltman alianzisha mradi wa kutafuta namba tasa za namna ya Mersenne, akiwaomba watu wenye kompyuta wagawane kazi ya hesabu. Tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley kilizindua SETI@home, mradi wa kuchunguza mawimbi ya redio yatokayo angani ili kutafuta dalili za viumbe wenye akili. Mamilioni ya watu walijiunga. Kila mmoja alipokea fungu la kazi, kompyuta yake ikahesabu wakati yeye hayupo, kisha ikarudisha jawabu. Mradi huo uliendelea kugawa mafungu mpaka Machi 2020.

Katika kazi hii hapakuwa na mshahara. Waliojitolea walipewa alama tu, na majina yao yakapangwa kwa wingi wa alama. Mtu angedhani kwamba pasipo fedha hapana udanganyifu. Haikuwa hivyo. Walitokea watu walioibadili programu ili irudishe majawabu ya uongo upesi upesi, wapate kupanda katika orodha. Sifa ilitosha kuwa kishawishi. Anayeijua Usukuma hatashangaa, kwa maana huko vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, na mshindi hupata zaidi ya kitu chochote jina lake kutajwa. Mashindano yenyewe si mabaya, nayo ndiyo yaliyowavuta watu wengi kujitolea. Lakini penye mashindano pana haja ya mwamuzi.

Tena si kila jawabu baya lilikuwa la mdanganyifu. Kompyuta iliyopata joto kupita kiasi, au iliyoharakishwa na mwenyewe kupita nguvu iliyoundwa nayo, hukosea hesabu bila ya mtu yeyote kukusudia. Mradi haukuweza kutofautisha uongo na ubovu, wala haukuwa na haja ya kufanya hivyo. Uliotakiwa kupimwa ni jawabu, wala si moyo wa mtu.

IV. Akidi na mashahidi

Dawa ya kwanza ilikuwa ya zamani kama mahakama: mashahidi wawili. Fungu moja hupelekwa kwa watu wawili, na majawabu yakilingana hukubaliwa. Yasipolingana hutafutwa wa tatu. David Anderson na wenzake wa Berkeley, walioanzisha programu ya BOINC mwaka 2002 ili itumiwe na miradi mingi, waliiweka kanuni hiyo katika msingi wa kazi yao. Kila mradi hupanga idadi ya majawabu yanayolingana ambayo yatatosha. Idadi hiyo twaweza kuiita akidi, kwa neno lile lile tunalolitumia katika mikutano.

Lakini mashahidi wawili wa namna gani? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tuseme kompyuta hukosea mara 1 katika kazi 100. Ikiwa kosa la kompyuta moja halina uhusiano na kosa la nyingine, nafasi ya zote mbili kukosea katika fungu moja ni 1 katika 10,000, na za tatu ni 1 katika 1,000,000. Ikiwa la pili limenakiliwa kutoka la kwanza, nafasi hubaki 1 katika 100 kama mwanzo, ingawa sasa kuna sahihi mbili juu ya karatasi. Nguvu ya mashahidi haitoki katika wingi wao bali katika kutotegemeana kwao. Twasema "penye wengi pana Mungu", nasi twasema "wengi wape". Methali zote mbili ni za hekima katika kuishi na watu, lakini wala moja si kanuni ya uhakiki.

Kwa sababu hiyo BOINC iliwapa wenye miradi kanuni nyingine ambayo mtu mvivu angeidharau: mafungu mawili ya kazi moja yasipelekwe kwa mtu mmoja. Mtu aliye na kompyuta kumi angeweza kupokea nakala zote mbili, na kosa lililo katika kompyuta zake zote lingejishuhudia lenyewe. Vilevile mwenye nia mbaya angeweza kujiandikisha kwa majina mengi. Mwaka 2002 John Douceur alieleza kwamba mahali ambapo kujiandikisha ni bure na hakuna mamlaka ya kuthibitisha majina, mtu mmoja aweza siku zote kujifanya umati. Hapana hesabu ya kura itakayotibu ugonjwa huo, kwa kuwa kura zenyewe ndizo zilizoharibika.

Kasoro nyingine ya mashahidi wawili ni gharama: kazi yote hufanywa mara mbili, na nusu ya nguvu iliyotolewa bure hupotea. Mfilipino Luis Sarmenta, aliyekuwa akisoma katika Massachusetts, alitoa mwaka 2001 njia ya pili. Mradi wake aliuita Bayanihan, neno la Kifilipino la kazi ya pamoja ya jirani, mfano wa ujima wetu. Alishauri kwamba mara kwa mara mtu apewe fungu ambalo jawabu lake linajulikana tayari, bila ya yeye kujua. Akikosa, kazi zake zote zilizotangulia hutiliwa shaka. Tuseme mtu anadanganya katika kazi moja tu kati ya kila kumi. Akitegewa mafungu 20 ya mtihani, nafasi yake ya kupita yote ni kama 12 katika 100 tu. Na anayepita mitihani mingi hujengewa imani, hata kazi yake ikahitaji mashahidi wachache. BOINC nayo iliongeza baadaye kanuni ya namna hiyo: kompyuta iliyojulikana kwa uaminifu huachwa ifanye kazi peke yake mara nyingi, lakini haiachwi bila ya kukaguliwa kwa nasibu hata siku moja. Laiti karani wa ushirika angewekewa sharti kama hilo!

Mradi wa namba tasa uliongeza busara ya tatu. Hesabu ya pili ya namba ile ile huanzishwa kutoka mahali tofauti, kwa kusogeza tarakimu kwa kiasi cha nasibu, ili ubovu ule ule usizae kosa lile lile. Na tangu mwaka 2020 mradi huo unatumia njia iliyotokana na kazi ya Krzysztof Pietrzak, ambayo kwayo afanyaye hesabu hutoa pamoja na jawabu ushahidi mfupi, na mwingine huuhakiki ushahidi huo kwa sehemu ndogo sana ya kazi ya kwanza. Hatua hii ni kubwa. Badala ya kurudia kazi yote, mhakiki hupewa njia ya kuijaribu.

V. Wakweli wasiolingana

Mpaka hapa tumedhani kwamba wakweli wawili hulingana siku zote. Historia ilikanusha hilo. Mwaka 2004 kituo cha CERN, katika mwaka wake wa hamsini, kilizindua mradi wa LHC@home ili kuchunguza mwendo wa chembe katika mtambo uliokuwa ukijengwa karibu na Geneva. Chembe huhesabiwa katika mizunguko mingi mno, na tofauti ndogo kabisa katika tarakimu ya mwisho hukua mpaka majawabu yakaachana kabisa. Ikaonekana kwamba kompyuta mbili nzima, zisizo na kasoro, zilitoa majawabu mbalimbali, kwa kuwa waliozitengeneza walikadiria tarakimu za mwisho za hesabu fulani kwa njia zisizofanana. Mhakiki angewaita waongo, nao wote wawili walisema kweli kwa lahaja zao.

Tiba zilikuwa mbili. Ya kwanza, zilitumika taratibu za hesabu ambazo hukadiria namna moja katika kila kompyuta. Kazi ya wataalamu wa Lyon nchini Ufaransa ilisaidia sana hapo. Ya pili, iliyowekwa katika BOINC, ni kulinganisha wa jamii moja: nakala za fungu moja hupelekwa kwa kompyuta za aina moja, ili tofauti itakayoonekana iwe ya kosa na isiwe ya maumbile. Namwomba msomaji aikumbuke tiba hii ya pili, maana tutaihitaji tukifika katika lugha.

VI. Malaria, na mpaka wa akidi

Mradi wa namna hii uliotugusa karibu zaidi ni ule wa malaria. Mwezi Julai 2006 ulizinduliwa mpango wa Africa@home, uliowashirikisha CERN na Taasisi ya Magonjwa ya Joto ya Uswisi iliyopo Basel, na kazi yake ya kwanza ilikuwa malariacontrol.net. Taasisi hiyo ya Basel ina uhusiano na Ifakara tangu miaka ya 1950, wakati Rudolf Geigy alipoanzisha huko maabara. Wataalamu walitengeneza kielelezo cha hesabu cha kuenea kwa malaria: watu, mbu, kinga ya mwili, dawa, vyandarua. Katika kukirekebisha walitumia takwimu za mahali halisi, miongoni mwake vijiji vya Namawala na Idete katika bonde la Kilombero. Kompyuta za waliojitolea zilikiendesha kielelezo hicho mara nyingi mno kwa hali mbalimbali, mpaka mradi ulipofungwa mwaka 2016.

Hapa yatupasa kuweka mpaka ulio wazi. Kompyuta mbili za watu wasiojuana zikileta jawabu moja, kilichohakikiwa ni kwamba hesabu imefanywa kama ilivyoagizwa. Haikuhakikiwa hata kidogo kwamba mbu wa Namawala hufanya kama kielelezo kisemavyo. Kielelezo kikiwa na kosa, kompyuta milioni zitalirudia kosa hilo kwa uaminifu, na kila moja itamshuhudia mwenzake. Shahidi wa kielelezo hawezi kuwa kompyuta. Shahidi wake ni damu ya mtoto iliyopimwa kijijini, na idadi ya mbu walionaswa usiku. Tena takwimu zilizokitengeneza kielelezo haziwezi zenyewe tu kuwa shahidi wake, kama vile mkulima asivyoweza kuhakiki mizani kwa jiwe lililotumiwa kuirekebisha. Yatakiwa takwimu nyingine, za mahali pengine au za wakati mwingine. Mikoa ya Geita na Shinyanga, yenye malaria na isiyofanana na Kilombero kwa mvua wala kwa mashamba, ingefaa kuwa mahali pa kuuliza kama kielelezo kilichozaliwa Morogoro kinasema kweli penye nchi kavu ya pamba na mashimo ya dhahabu.

VII. Serengeti na dhahabu

Mifano miwili mingine ya nchi yetu itaonyesha uhakiki uliofaulu na uhakiki ulioshindikana.

Katika Serengeti, mtafiti Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake waliweka tangu mwaka 2010 kamera 225 zilizopiga picha wenyewe kila mnyama alipopita. Picha zilikuwa nyingi kupita uwezo wa watafiti, na mwishoni mwa mwaka 2012 watu wa dunia nzima waliombwa kusaidia kutambua wanyama. Zaidi ya watu 28,000 walitoa majibu kama milioni 10.8. Kila picha ilionyeshwa kwa watu kadhaa wasioonana, mpaka 10 wapatane au mpaka majibu yafike 25. Lakini watafiti hawakuridhika na kupatana huko. Walichukua mafungu 4,149 ya picha, wakawapa wataalamu wayatambue, kisha wakalinganisha. Jibu la wengi lililingana na la wataalamu katika 96.6 kwa mia ya mafungu hayo. Ilionekana pia kwamba makosa yalizidi kwa wanyama wa nadra: asiyewahi kumwona mnyama humwita kwa jina la yule anayemjua. Hili nalo tulikumbuke.

Mfano wa pili unatoka katika wilaya ya Kahama, jirani kabisa na Ushetu. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ilisafirisha makinikia, yaani mchanga mzito wenye dhahabu, shaba na madini mengine, ukayeyushwe ng'ambo. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji huo, na makontena 277 yakachunguzwa na kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma. Tarehe 24 Mei 2017 kamati ilisema kwamba makontena hayo yalikuwa na tani 7.8 za dhahabu, hali hati zilionyesha kama tani 1.2. Kampuni ya Acacia ilikataa hesabu ya kamati.

Si kazi ya makala haya kuamua nani alisema kweli. Ninaloliona ni umbo la tatizo lenyewe. Majawabu mawili yaliachana zaidi ya mara sita, na kila moja lilitoka kwa upande wenye haja na jawabu. Kanuni ya akidi ingetaka fungu lipelekwe kwa wa tatu, asiye wa kampuni wala wa Serikali, aliyekubaliwa na wote kabla jawabu halijajulikana. Suala hilo liliishia katika mazungumzo: mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Barrick, iliyokuwa imekwisha kuichukua Acacia, ilitangaza maafikiano na Serikali, yenye malipo ya dola milioni 300 na kuundwa kwa kampuni ya Twiga Minerals, yakatiwa sahihi Januari 2020. Maafikiano hukata shauri, nayo yaweza kuwa mema kwa pande zote. Lakini maafikiano si kipimo. Kwa wachimbaji wadogo hatua ya namna nyingine ilichukuliwa mwaka ule ule: mwezi Machi 2019 lilifunguliwa Geita soko la dhahabu, ambako muuzaji na mnunuzi hukutana mbele ya maofisa wa Serikali. Kwa mzee aliyekumbuka vituo vya pamba, wazo hilo halikuwa geni.

VIII. Lugha yetu katika mizani

Sasa tufike nyumbani kwetu, katika Kiswahili. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa, kwa namna yake, akidi. Maswada yalisomwa na wasomaji, wakipatana kitabu kilipata idhini, na neno lililotumika katika vitabu vilivyoidhinishwa likawa Kiswahili sanifu. Kamati ilifanya kazi kubwa ya kuunganisha tahajia, na hakuna msomi atakayeikana. Hata hivyo wajumbe wake wa awali walikuwa maofisa na wamisionari wa Kizungu, waliojifunza Kiswahili katika vitabu vya aina moja na kukipima kwa Kiunguja. Walipopatana, ilikuwa vigumu kujua kama wamepatana kwa kuwa neno ni sahihi au kwa kuwa wote walisoma sarufi moja. Kisha vitabu walivyoidhinisha vikawa ushahidi wa matumizi, na matumizi hayo yakawa sababu ya kuidhinisha vitabu vingine. Lugha ikajishuhudia.

Leo jambo hilo linarudi kwa mavazi mapya. Katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, unaokusanya sauti ili kompyuta zifundishwe kusikia lugha, Kiswahili kimeingia miongoni mwa lugha nyingi, na mwaka 2021 ulitangazwa msaada maalum kwa ajili ya Afrika Mashariki. Anayejitolea husoma sentensi, wengine husikiliza, na sauti ikipata kura mbili za kukubaliwa huhesabiwa kuwa imehakikiwa. Ni kanuni ya mashahidi wawili, nayo ni nzuri. Lakini tujiulize: mashahidi gani?

Tumchukue msemaji wa Ushetu. Lugha za nyumbani huko ni za jamii ya Kinyamwezi, Kisumbwa na Kisukuma. Msemaji aliyekulia Kisukuma, kwa mfano, aelekea kutamka l mahali pa r, akisema "habali" na "baluwa". Sauti yake ikisikilizwa na watu wawili wa Dar es Salaam au Mombasa, wataikataa, nao watakuwa wamepatana. Je, kura zao zimegundua kosa, au zimegundua tofauti? Msemaji huyo hakusoma vibaya; amesoma Kiswahili kama kisemwavyo na maelfu ya watu. Ni mfano wa kompyuta mbili nzima zisizolingana katika tarakimu ya mwisho, tena ni mfano wa mnyama wa nadra anayeitwa kwa jina la mnyama wa kawaida. Sauti kama yake zikiachwa nje, mashine itakayofundishwa itashindwa kumwelewa mkulima wa Ushetu atakapoiuliza habari ya dawa au bei ya tumbaku, na takwimu zake zitaonyesha kwamba inaelewa Kiswahili vizuri sana, kwa kuwa itapimwa kwa sauti zile zile zilizopitishwa na masikio yale yale.

Na hatari ya pili ni kubwa zaidi. Sasa mashine zenyewe huandika Kiswahili, maandishi hayo huenea, yakakusanywa tena ili kufundisha mashine nyingine. Hapo anayepima, anayepimwa na jiwe la mizani ni kitu kimoja.

IX. Hitimisho

Kutokana na historia hii yaweza kutolewa kanuni nne kwa wakusanyaji wa lugha. Kwanza, shahidi wa pili awe amesimama mahali pengine. Wawili waliofundishwa na mwalimu mmoja kwa kitabu kimoja wahesabiwe karibu sawa na mmoja. Pili, mlinganisho ufanywe ndani ya jamii moja: sauti ya Ushetu isikilizwe kwanza na msikilizaji wa Kahama au Geita, na swali aulizwe kama maneno yamesomwa yalivyoandikwa, kisha tofauti ya matamshi iandikwe mahali pake kama habari, isifutwe kama kosa. Tatu, kila mkusanyo uwe na fungu dogo lililokaguliwa kwa mkono na wataalamu wa lahaja mbalimbali, ambalo halitumiki katika kufundisha, ili kura za wengi zipimwe kwalo kama walivyofanya wale wa Serengeti. Nne, hao wataalamu nao wakaguliwe kwa zamu, pamoja na vyuo na taasisi zetu zenyewe; maana tumeona katika Usukuma kwamba mpimaji wa mkulima hakudumu kuwa wa mkulima.

Kanuni hizi zina gharama. Mradi wa kompyuta uliotaka mashahidi wawili ulitoa nusu ya nguvu zake kwa ajili ya hakika, na taasisi ya lugha itakayozifuata itakuwa na mkusanyo mdogo kuliko jirani yake asiyejali. Wakulima wa Geita na Shinyanga nao walilipa mshahara wa mpimaji kutoka katika fedha zao chache, kwa sababu walijua ni kiasi gani kilichokuwa kikipotea kila msimu alipokosekana.